Kiungo aliyeumia hapimwi kwa kuhesabu mechi alizokosa

Dirisha la usajili likifunguliwa, barua huanza kumiminika katika idara yetu ya tiba ya michezo, na mara hii zimezidi. Wachezaji wanalalamika kwamba mishahara imesimamishwa kwa sababu wako majeruhi. Viongozi wa klabu wanalalamika kwamba wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mashabiki ndio usiseme: kiungo akikosa mechi tatu tu, keshaitwa mzigo, mtu wa pancha, mgonjwa wa kudumu.

Wengi wanaotajwa katika barua hizo ni viungo, yaani wachezaji wa katikati ya uwanja, na sishangai. Beki wa pembeni akikosekana, mwalimu anaingiza mwingine na maisha yanaendelea. Kiungo fundi akikosekana, timu nzima hubadili namna ya kucheza, na hata aliyekaa mzunguko analiona pengo.

Nitangulize kusema kwamba haya ni maelezo ya elimu kwa umma. Hayagusi shauri lolote lililo mezani, wala hayachukui nafasi ya daktari wa timu aliyemshika mchezaji mguu.

Kosa kubwa ninaloliona ni kuchanganya maswali mawili. La kwanza: mchezaji huyu ana uwezo gani? La pili: anapatikana kwa kiasi gani? Jibu la kwanza liko kwenye dakika alizocheza. Jibu la pili liko kwenye faili lake la matibabu. Anayejibu la kwanza kwa faili la matibabu anamdhulumu mchezaji, na anayejibu la pili kwa video za mtandaoni anaipoteza fedha ya klabu.

Mchukueni Jack Wilshere. Tarehe 16 Februari 2011 Arsenal iliikaribisha Barcelona yenye Xavi na Iniesta, na kijana wa miaka 19 akasimama katikati pale kama mwenye nyumba. Arsenal ilishinda 2-1. Msimu ule alicheza mechi 49, na msimu uliofuata hakucheza hata moja kwa sababu ya enka, yaani kifundo cha mguu. Alistaafu Julai 2022 akiwa na miaka 30. Vijiweni utasikia makundi mawili: wanaosema hakuwa lolote, alikuzwa na magazeti, na wanaosema angekuwa bora duniani. Wote nawaomba waniwie radhi. Hiyo "angekuwa" haina kipimo hospitalini wala uwanjani. Kinachopimika ni mechi 197 alizoichezea Arsenal na 34 alizoichezea England, na ndani ya mechi hizo uwezo unaonekana bila kubishaniwa. Ukiniletea faili lake, mimi ningeanzia kwenye zile mechi 49. Sisemi ndizo pekee zilizomvunja, maana enka ina sababu nyingi, lakini mzigo wa namna hiyo kwa mwili ambao bado unakomaa hauachwi bila kuulizwa.

Abou Diaby ni somo la aina nyingine. Alijiunga na Arsenal Januari 2006 akitokea Auxerre. Tarehe 1 Mei mwaka huohuo, ugenini Sunderland, mechi ikiwa imeshaamuliwa, alikwatuliwa vibaya na enka ikavunjika. Mguu mrefu, hatua ndefu, mpira ukimganda mguuni huku akipita katikati ya watu wawili: aliyemwona Anfield, uwanja wa Liverpool, Septemba 2012 hahitaji kuelezwa uwezo wake. Lakini kwa miaka tisa na nusu alifikisha mechi 180 tu. Watu walihesabu majeraha yake wakasema mwili wake "laini". Hapa uvumilivu wangu huwa mdogo. Enka iliyovunjika ikapoteza sehemu ya mkunjo wake, kazi yake hubebwa na sehemu nyingine za mwili: kigimbi, goti, paja, nyonga. Ukiona mchezaji anaumia kigimbi leo, paja kesho, kisha goti, usikimbilie kuhesabu majeraha matatu. Uliza kwanza kama chanzo si kimoja. Na chanzo kile kilikuwa faulo ya mtu mwingine.

Kuna jeraha la kukanyagwa, kuna jeraha la kuzidiwa mzigo, na kuna ugonjwa wa tendoni, yaani kano zinazoshikisha msuli kwenye mfupa, unaokula polepole. Hayapimwi kwa mizani moja. Owen Hargreaves alikuwa na la tatu, kwenye magoti. Alifunga penalti yake Moscow mwaka 2008 Manchester United ikitwaa Ligi ya Mabingwa, lakini kwa misimu minne pale aliishia mechi 39. Novemba 2010 alirudi kuanza dhidi ya Wolves, akatoka baada ya dakika kama tano. Mwaka 2011 akajirekodi akifanya mazoezi ya mashine na kuweka video mtandaoni ili klabu zione kwamba bado anakimbia. Bingwa wa Ulaya mara mbili, mwenye mechi 42 za timu ya taifa, anaomba kuaminiwa kwa video. Manchester City walimchukua, na hakudumu. Tendoni ya goti inaweza kukuruhusu kukimbia kwenye mashine nusu saa bila maumivu kisha ikakataa kabisa zamu ya tatu ya kusimama ghafla na kugeuka. Ndiyo maana video ya mazoezi haikubaliki kwetu kama uthibitisho wa utimamu, hata mkitutumia kumi.

Msuli wa nyuma ya paja nao una habari yake. Takwimu za klabu kubwa za Ulaya zilizokusanywa chini ya UEFA kuanzia msimu wa 2001/02 hadi 2021/22 zinaonyesha kwamba majeraha ya msuli huo yalipanda kutoka asilimia 12 ya majeraha yote hadi asilimia 24. Klabu zile zina madaktari, mashine na wapishi. Kwa hiyo shabiki anayedai kwamba kiungo wetu anaumia paja "kwa sababu ya starehe" anapaswa kwanza kutueleza hao wa Ulaya wote wanastareheka wapi.

Sasa tuje nyumbani. Victor Wanyama alicheza mechi 36 za Ligi Kuu ya England msimu wa 2016/17 akiwa Tottenham, mwaka wake wa kwanza pale. Agosti 2017 goti likamkamata, akakaa nje kwa miezi. Februari 4, 2018, pale Anfield, aliingia kutoka benchi, mpira ukamkuta nje ya boksi, akaupiga shuti ambalo Wakenya wengi wanaweza kukuchorea mpaka leo. Uwezo ulikuwa palepale. Kilichopungua ni siku za kupatikana, na nafasi yake ikachukuliwa na wengine mpaka alipohamia Montreal Machi 2020. Nilisoma wakati ule maandishi ya watu wa huku kwetu wakisema "ameridhika". Kuridhika hakuonekani kwenye kipimo cha MRI, ile picha ya ndani ya mwili. Goti linaonekana.

Na kabla hamjamfutia mtu jina, mkumbukeni Santi Cazorla. Aliumia Oktoba 2016, jeraha la upasuaji likaingia bakteria, sentimita 8 za tendoni ya kisigino zikaliwa, ngozi ikachukuliwa mkononi kuziba kifundo cha mguu. Zilipita siku 636 bila mechi. Akarudi Villarreal, akaitwa tena timu ya taifa ya Hispania mwaka 2019, na Juni 2025, akiwa na miaka 40, akapanda daraja na Oviedo, timu ya nyumbani kwake. Au İlkay Gündoğan: mgongo ulimkosesha Kombe la Dunia la 2014 ambalo Ujerumani ililitwaa, goti likaenda Desemba 2016, na mwaka 2023 ndiye nahodha aliyeinua makombe matatu ya Manchester City. Yeyote aliyehesabu mechi alizokosa akafunga faili mwaka 2017 alikosea.

Kwa hiyo klabu ifanye nini? Ipime kabla. Naliandika hili kila mwaka.

Niliwahi kuletewa kiungo mmoja usiku, kwa dharura. Nilimlaza, nikakunja goti kidogo, nikashika paja kwa mkono mmoja na kuvuta muundi mbele kwa mwingine. Ulikuja, ukaendelea kuja, bila kile kizuizi kigumu unachotarajia mwishoni: dalili ya kuchanika kwa ligamenti ya mbele ya goti, ile kamba inayozuia muundi usiteleze mbele. Nikachukua futi kamba, nikapima sentimita 15 juu ya kifuniko cha goti: paja la kushoto lilikuwa jembamba kwa sentimita 3. Kijana alikuwa anatazama dari, hasemi kitu. Nje ya mlango kiongozi alikuwa na simu mkononi, picha ya kijana akiwa na jezi mpya imeshapostiwa. Akaniambia, "Daktari, tupatie tu cheti, mkataba tumeshasaini asubuhi."

Kanuni za FIFA za Hadhi na Uhamisho wa Wachezaji, kifungu cha 18, zinasema uhalali wa mkataba hauwezi kuwekewa sharti la kufaulu vipimo vya afya. Narudia kwa sababu swali hili linakuja kila wiki: ukishasaini, umesaini. Kipengele kinachosema "mkataba utakuwa batili akifeli vipimo" hakikulindi. Utaratibu ni huu: vipimo, ripoti ya maandishi, uamuzi wa klabu, ndipo saini, ndipo picha. Ripoti itaje aina ya jeraha, tarehe, upasuaji kama upo, mara ngapi limejirudia mahali palepale, na nguvu ya mguu ulioumia ikilinganishwa na mzima. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa ligamenti ya mbele ya goti, tarehe ya upasuaji ni lazima. Utafiti wa Delaware na Oslo uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi anaousubiri mchezaji, mpaka kufikia wa 9, hupunguza hatari ya kuumia tena kwa takribani nusu. Mwalimu anayemtaka mwezi wa 6 kwa sababu ya dabi ananunua jeraha la pili.

Kuumia si sababu ya kuvunja mkataba, wala si sababu ya kusimamisha mshahara. Klabu inayovunja mkataba bila sababu halali hulipa fidia, na ikifanya hivyo ndani ya kipindi cha ulinzi, ambacho ni miaka mitatu kwa aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28 na miwili kwa aliyesaini baada ya hapo, inaweza kufungiwa kusajili madirisha mawili. Kwa deni la mshahara, mchezaji aiandikie klabu barua ya madai na kuipa angalau siku 10 za kulipa. Deni likizidi siku 30 bila msingi wowote, adhabu zinaanzia onyo, karipio na faini hadi kufungiwa kusajili. Mishahara ya miezi miwili isipolipwa, mchezaji anaweza kutoa notisi ya siku 15, kisha akavunja mkataba kwa sababu halali. Kuamrishwa kufanya mazoezi peke yako ili uchoke uondoke mwenyewe nako kunaweza kuhesabiwa unyanyasaji, kwa hiyo tunza ujumbe wote wa simu.

Aliyeumia akiwa na timu ya taifa ya wakubwa katika mechi za kalenda ya kimataifa ana njia nyingine: FIFA ina mpango wa kuilipa klabu mshahara wake pale anapokaa nje zaidi ya siku 28 mfululizo, kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Klabu nyingi hazidai fedha hizi, halafu zinamlaumu mchezaji kwa kuitikia wito wa nchi yake.

Shauri la ndani ya Tanzania hupelekwa Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka la nchi. Lenye sura ya kimataifa, mathalani mchezaji wa kigeni na klabu ya hapa, linaweza kwenda FIFA, ndani ya miaka miwili tangu tukio kutokea. Njooni na mkataba, barua ya madai yenye mhuri wa kupokelewa, na ripoti ya daktari yenye tarehe. Picha ya skrini ya malumbano ya mashabiki msilete.