Umeme haugandishi kimiminika

"Ukiwasha umeme, kinaganda kama barafu." Wiki hii nimeambiwa hivyo mara tatu na watu waliokuja kuulizia vimiminika vya elektroreolojia, yaani vile vinavyokuwa vizito vikiwekewa umeme. Hakigandi!

Ndani yake mna chembe ndogo, za wanga kwa mfano, zilizotawanywa kwenye mafuta yasiyopitisha umeme, kama ya silikoni. Uga wa umeme kati ya mabamba mawili ukifika kilovolti 1 hadi 5 kwa milimita, kila chembe hupata ncha chanya na ncha hasi, ncha zikavutana, chembe zikashikana minyororo toka bamba hili hadi lile. Chini ya hadubini unaona nyuzi zinasimama kwa milisekunde chache tu. Mafuta yaliyo katikati yake yamebaki maji maji vilevile. Zima umeme, nyuzi zinalegea.

Kinachobadilika ni nguvu ya kuanzia. Bila umeme, msukumo mdogo unatosha kukitiririsha. Umeme ukiwaka, lazima kwanza uikate minyororo, na kwa vimiminika vya kawaida vya aina hii hapo unahitaji mkazo wa kilopaskali chache. Ukiupita, kinatiririka tena, umeme ukiwa bado unawaka. Barafu haifanyi hivyo. Hata kile kilichotengenezwa Hong Kong mwaka 2003, kilichopita kilopaskali 100, hukatika na kutiririka.

Ndiyo maana swali la "mnato (uzito wa kutiririka) umepanda mara ngapi?" linanichosha. Kizungushe polepole kwenye kipimo, utapata namba kubwa ajabu. Kizungushe kwa kasi, tofauti inakaribia kufutika. Nimeshika klachi ya kimiminika hiki iliyosanifiwa kwa namba ya namna hiyo, ikateleza mara tu ilipobebeshwa mzigo. Tafadhali, chora mkazo dhidi ya kasi, usome pale mstari unapoanzia: hiyo ndiyo nguvu ya kuanzia.

Eti kilovolti zinakula umeme mwingi? Mafuta hayapitishi, mkondo ni mdogo sana. Unapanda kukiwa na unyevu, basi acheni kuongeza maji ili "kishike vizuri". Vya zamani vilihitaji unyevu. Siku hizi vipo vikavu.

Wanga na maji, ule unaokuwa mgumu ukiupiga ngumi, ni jambo jingine kabisa, hauhitaji umeme. Na vimiminika vya sumaku vina chembe za chuma na vinatumia koili. Mvumbuzi Mmarekani Willis Winslow alipata hataza ya hivi vya umeme mwaka 1947.

Jingine: chembe hutuama. Ukipima chupa iliyokaa rafuni wiki nzima bila kuikoroga, umepima mafuta matupu.