Kanda si mkanda

Juzi mteja kaniletea redio kaseti ya marehemu baba yake, ile kubwa ya spika mbili na mkono wa kubebea. Kabla sijashika bisibisi akanipa kaseti mbili mpya, sijui zama hizi alizitoa wapi. "Fundi, niliambiwa mkanda umekwisha. Nimeshanunua."

Basi kwa kifupi. Kaseti ni kile kijumba cha plastiki. Kanda ni utepe wa sumaku uliomo ndani yake. Mkanda ni mpira mwembamba wa duara uliomo ndani ya redio, unaopeleka mzunguko wa mota kwenye magurudumu.

Kaseti tumeipata kwa Waingereza, nao waliitoa kwa Wafaransa, ambao kwao ni kisanduku. Philips walipoileta hii yetu mwaka 1963, jina liliifaa. Kanda ni wingi wa ukanda, kama kuta na ukuta, ila siku hizi tunasema hata kanda moja, kama tusemavyo Kanda ya Ziwa. Mkanda ni ndugu yao, lakini wenyewe huzunguka kitu: tunaufunga kiunoni, bondia anaugombania, na vipele vikikuzingira ubavuni unaambiwa una mkanda wa jeshi. Na ule mpira umeyakumbatia magurudumu vivyo hivyo.

Najua, tunasema pia mkanda wa video, na anayeiita kanda mkanda hatafungwa. Shida inaanzia pale redio inapofunguliwa.

Niliifungua hiyo ya mzee. Mkanda ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami. Kuugusa tu, vidole vyeusi mpaka jioni, na nikamaliza nusu chupa ya spiriti kusugua magurudumu. Mpira huzeeka hivyo hata redio ikikaa kabatini bila kuguswa. Ukilegea kabla haujayeyuka, sauti inaburuta, mwimbaji anakuwa kama kalewa, kwa sababu kanda inatakiwa ipite mbele ya hedi, kile kipande kinachoisoma kanda, sentimita 4.76 kila sekunde na sasa haifiki. Ukikatika kabisa, utasikia mota inanguruma na kaseti imesimama.

Halafu kuna ile "redio inakula kanda", ambayo watu huilaumu kaseti. Mara nyingi kaseti haina kosa. Kijiti cha chuma na kigurudumu cha mpira vinaendelea kuivuta kanda, lakini ule mhimili wa kuikunja upande wa pili umelegea. Kanda inatoka, haina wa kuipokea, inajisokota kwenye kigurudumu mpaka inakunjamana kama karatasi ya peremende. Kaseti ya dakika 90 ina zaidi ya mita 125 za kanda. Kuna cha kula kingi humo. (Tafadhali usiweke rababendi badala ya mkanda. Inavutika vibaya, na wimbo unayumba.)

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, si lazima utaje kifaa. Mwambie redio inafanya nini: inaburuta, inakula, au inanguruma tu. Akikujibu "mkanda", muulize, wa kwenye kaseti au wa kwenye mota?

Yule mteja nilimrudishia kaseti zake bila kuzifungua. Mkanda niliomtafutia ni mdogo, mtoto angeuvaa kama bangili.