Mukombero, panya na siku 55

Ukifika Kakamega au Bungoma, magharibi mwa Kenya, huhitaji kuelezwa mukombero ni nini. Wachuuzi huutembeza mjini, mizizi imefungwa mafungu, na wanaume huutafuna polepole kwa sababu ya harufu yake ya vanila na sifa yake ya kuongeza nguvu za kiume. Kazi yangu ni kuchunguza uzazi wa madume, na wanaume wanaotafuta mtoto huniuliza swali moja: nikiutafuna kila siku, mke wangu atashika mimba?

Panya wa maabara wametoa majibu mawili. Yote yametoka kwa watafiti wa Kamerun, mmea ni huohuo, Mondia whitei, na dozi ni ileile: miligramu 400 za dondoo, yaani kiini kilichotolewa kwenye mmea, kwa kila kilo ya uzito wa panya, kila siku. Walipopewa kwa siku 8, korodani ziliongezeka uzito, testosteroni ikapanda na mbegu zikawa nyingi zaidi. Walipopewa kwa siku 55, katika utafiti uliochapishwa 2001, kuta za ndani za mirija ya korodani ziliharibika na utengenezaji wa mbegu ukakwama.

Aliyesoma jibu la kwanza tu atauza mizizi kwa gunia, na aliyesoma la pili tu atasema ni sumu. Mimi nasisitiza yasomwe pamoja, kwa kufuata ratiba ya korodani yenyewe. Kwa panya, mbegu huchukua takriban siku 52 kutengenezwa, kisha hupita kwenye epididimisi, mrija uliojikunja nyuma ya korodani ambamo mbegu hukomaa, kwa wiki moja au zaidi. Kwa hiyo mbegu zilizohesabiwa siku ya 8 zilikuwa zimeanza kutengenezwa wiki kadhaa kabla panya hajaonja dawa. Ni kama kumwaga mbolea leo ukaipima kwa mahindi uliyovuna jana. Jaribio fupi linatuambia habari za homoni. Madhara kwa seli changa haliwezi kuyaona.

Kuhesabu nako kuna mitego. Mkia wa epididimisi hukatwakatwa ndani ya maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37, mbegu zikaogelea nje, halafu tone likawekwa chini ya hadubini. Kioo kikiwa baridi, mbegu nzima kabisa hulegea, na asiye makini ataandika kwamba dawa imezilemaza. Pia anayehesabu asijue kama tone limetoka kwa panya aliyenyweshwa dondoo au aliyenyweshwa maji matupu. Mtu akishajua, jicho lake huanza kupendelea.

Na wingi wa mbegu bado si mimba. Dume lazima awekwe na majike ambao uzazi wao unajulikana, asubuhi ute wa uke uchunguzwe kama una mbegu, na baadaye mimba zilizoshika zihesabiwe. Ripoti nyingi zinaishia kuhesabu dume amempanda jike mara ngapi. Hiyo ni hamu, na dume mwenye hamu kubwa anaweza kuwa hana mbegu hata moja. Hapa ndipo watu wengi huchanganya, wauzaji kwa wanunuzi.

Tuje kwenye dozi. Dozi ya panya haihamishwi kwa binadamu kwa kulinganisha kilo peke yake; kwa kawaida tunaigawa kwa 6.2. Miligramu 400 zinakuwa kama 65, yaani karibu gramu 4 za dondoo kila siku kwa mtu wa kilo 60. Hilo ni dondoo, si mzizi mbichi. Anayetafuna kipande akiwa kwenye mazungumzo simhofii sana. Anayenitia wasiwasi ni yule anayekunywa dawa iliyokolezwa, asubuhi na jioni, miezi mfululizo, huku akisubiri mtoto.

Wale panya wa siku 55 walipoachishwa dondoo, uzazi wao ulirejea. Kwa binadamu, mbegu hutengenezwa kwa takriban siku 74, bila kuhesabu muda wa epididimisi. Ndiyo maana mwanaume wa namna hiyo akinijia namshauri aiache dawa, akapime manii baada ya miezi mitatu. Akipima wiki mbili tu baada ya kuacha, atakuwa anapima mbegu zilizotengenezwa wakati bado anakunywa.