Je, wajua Ulaya ingekuwaje kama Roma isingeitawala?

Wengi tulifundishwa kwamba kabla ya Warumi, Ulaya ya kaskazini ilikuwa pori na watu waliovaa ngozi. Lakini mwaka 52 KK, Julius Caesar, jemadari wa Roma, alipouzingira mji wa Alesia hadi Vercingetorix, kiongozi wa wenyeji, akasalimu amri, alikuwa anaiteka nchi yenye miji. Galia, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo Ufaransa ya leo, ilikuwa na machimbo ya dhahabu, sarafu zake yenyewe, na miji ya mlimani kama Bibracte, iliyozungushiwa kuta za mawe na magogo. Huko Manching, kusini mwa Ujerumani, ukuta wa mji ulikuwa na urefu wa kilomita 7 hivi. Mafundi wa Kikelti, yaani wa jamii hizi za Galia na jirani zake, walikuwa hodari wa mapipa ya mbao, na fulana ya vita ya pete za chuma waliyoivaa askari wa Roma iliigwa kwao.

Kwa hiyo, Roma isingekuja, watu hawa wangeendelea na safari waliyokwisha kuianza. Mimi naamini wangezidi kuwaelekea Wagiriki. Marseille ilianzishwa na Wagiriki karibu mwaka 600 KK. Miaka 100 hivi baadaye, mwanamke mmoja wa cheo kikubwa alizikwa Vix, mahali palipo kaskazini zaidi katika Ufaransa ya leo, pamoja na mtungi wa Kigiriki wa kilo 208, mrefu wa mita 1.64! Sarafu za dhahabu za Galia ziliiga zile za mfalme Filipo wa Makedonia, kaskazini mwa Ugiriki, na Caesar mwenyewe aliandika kwamba Wagalia walitumia herufi za Kigiriki katika hesabu zao. Huenda Kiswahili nacho, kinachoandikwa leo kwa herufi za Kirumi, kingefikiwa na herufi nyingine kabisa.

Ipo nchi inayotupa fununu: Ireland, ambayo Roma haikuitawala kamwe. Mwaka 148 KK watu wake walitandika barabara ya mbao za mwaloni juu ya kinamasi cha Corlea, pana ya kupitisha magari ya kukokotwa. Sheria ilikaa vichwani mwa mahakimu waliofunzwa kuikariri, na aliyeua alilipa fidia, mara nyingi kwa ng'ombe. Wafalme wadogo walikuwa tele, wala hakuna aliyewameza wote. Hapo ndipo naona tofauti kubwa: Ulaya ingekuwa na utajiri, ila bila dola moja na bila lugha moja ya maandishi kutoka Hispania hadi mto Rhine. Hata hivyo Kilatini, lugha ya Roma, kiliingia Ireland katika karne ya 5, kikiletwa na Kanisa.

Bila Kilatini kusingekuwa na Kifaransa, Kihispania wala Kireno. Neno "meza" tulilipata kwa Wareno, na wao walilitoa kwenye "mensa" ya Kilatini; lisingetufikia. Julai na Agosti, zilizopewa majina ya Julius Caesar na Kaisari Augusto, zingeitwa vingine. Neno "sabuni" ni habari tofauti, maana halikuanzia Roma. Plinio, mwandishi Mrumi wa karne ya 1, alisema ni uvumbuzi wa Wagalia, akaiita "sapo", neno lenye asili ya huko kaskazini. Likapita kwa Wagiriki na Waarabu hadi likafika pwani yetu.