Je, wajua kwa nini mtu wa eksirei anakaa chuo miaka yote ile wakati kazi yenyewe ni kubonyeza kitufe?

Hili swali nimeulizwa sana, mpaka na mjomba wangu mwenyewe msibani, tumekaa kwenye jamvi tunasubiri chai akanigeukia, "Mwanangu, hivi pale si mnabonyeza tu? Mbona ulisoma kama unataka kurusha ndege?" Nikacheka, ila ukweli hana kosa, maana mgonjwa anachokiona ni dakika mbili tatu: simama hapa, vuta pumzi, bana, haya achia, kavae nguo. Kinachosomewa chuo ni maamuzi yaliyofanyika kabla ya hicho kitufe, na hayo mgonjwa hayaoni.

Chukua picha ya kifua, ndo inayopigwa sana kuliko zote. Unaambiwa geukia ukuta, kifua kibandike kwenye ule ubao unaopokea picha, mikono izungushe kama unaukumbatia, kidevu juu. Wazee wengine wanaona kama wanaadhibiwa. Sasa elewa kwamba eksirei haifanyi kama kamera ya simu, yenyewe inatupa kivuli. Ulipokuwa mdogo umeme ukikatika si ulikuwa unacheza na kivuli cha mkono kwenye mwanga wa koroboi, mkono ukiwa karibu na ukuta kivuli kinabaki saizi ya mkono, ukiusogeza kwenye koroboi kivuli kinakuwa jitu. Moyo nao uko upande wa mbele wa kifua, kwa hiyo tunautaka ukae karibu na ubao na mashine iwe mbali, kama sentimita 180, ili kivuli chake kisivimbe. Mgonjwa mahututi akipigwa picha amelala chali kitandani, mionzi inaingilia mbele na moyo uko mbali na ubao, basi moyo unatokea mkubwa kuliko ulivyo, na asiyejua picha imepigwaje anaweza kumpa mtu ugonjwa wa moyo ambao hana. Kule kukumbatia ubao ni ili mifupa ya mabega itoke pembeni isiyafunike mapafu. Na kuvuta pumzi? Tunataka kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, ushuke. Mimi picha ikitokea tu kwenye skrini naanza kuhesabu mbavu za nyuma, zikifika 9 au 10 mtu kavuta vizuri, zikiwa 7 najua kavuta nusu, na pafu ambalo halijafunguka linaonekana lina ukungu kama la mwenye nimonia.

Hiyo ni picha moja, mkao mmoja. Mwili una mifupa zaidi ya 200 na karibu kila sehemu ina mikao yake, pembe zake, na namna yake ya kudanganya. Kwenye kifundo cha mkono kuna kamfupa kadogo upande wa dole gumba ambako kanaweza kuvunjika na eksirei ya siku hiyo isionyeshe kitu, inabidi mtu afungwe plasta ngumu halafu arudi baada ya siku 10 hadi 14 ndo ufa uonekane. Sasa hayo usipofundishwa utamrudisha mtu nyumbani na mkono uliovunjika.

Alafu kuna nywele. Sitanii. Nikiwa fildi, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini, alikuja dada mmoja kasuka rasta ndefu zimelala mabegani, mimi na haraka zangu nikampiga hivyo hivyo. Picha ikaja na michirizi sehemu ya juu ya mapafu yote mawili, pale pale ambapo TB inapenda kukaa. Msimamizi wangu akaitazama, akanitazama, akasema, "Mwambie dada yako azifunge juu ya kichwa, urudie." Ikarudiwa, mapafu safi kabisa. Yaani nusura nimtie mtu TB kwa ajili ya rasta, na tayari nimemuongezea mionzi ya bure. Toka siku hiyo hereni, mkufu, sidiria, rasta, vyote nauliza kwanza.

Fizikia ndo inayowapiga watu sapu, yaani kurudia mtihani, mwaka wa kwanza, tusifichane. Ndani ya ile mashine kuna elektroni zinarushwa kwa kasi ya ajabu zinagonga kisahani cha tangsteni, na katika nguvu yote ile kama asilimia 99 inaishia kuwa joto, eksirei ni hiyo asilimia 1 iliyobaki. Ndo maana ikachaguliwa tangsteni, haiyeyuki mpaka ivuke nyuzi 3,400 za selsiasi, na kisahani chenyewe kinazungushwa maelfu ya mara kwa dakika ili joto lisipige sehemu moja. Wewe unachoamua ni kilovolti, yaani mionzi iwe na nguvu ya kupenya kiasi gani, na wingi wake. Mkono unatosha kilovolti 50 hivi, kifua cha mtu mzima unaenda 110 mpaka 120. Mashine za siku hizi zina namba zilizopangwa tayari, ila hazimjui huyu aliye mbele yako, bibi wa kilo 38 na bodaboda wa kilo 110 hawapigwi sawa.

Na mionzi yenyewe haina harufu, haichomi hapo hapo, ndo ubaya wake. Mwanafizikia Röntgen aliigundua tarehe 8 Novemba 1895 kule Würzburg, Ujerumani, na kabla mwaka haujaisha akawa ameshapiga picha mkono wa mke wake na pete yake kidoleni. Dunia ikachanganyikiwa kwa furaha, watu wakaichezea kama toi. Marekani, Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison, alikuwa anaijaribu mirija ya eksirei kwa kuweka mikono yake mwenyewe mbele yake, mikono ikaoza kwa kansa, ikakatwa yote miwili, akafa mwaka 1904. Edison akaogopa akaachana na hizo kazi. Kwa hiyo somo la kujikinga tunasomeshwa mpaka tunaota: ukitoka mita 1 ukasimama mita 2 kutoka kwenye chanzo unapata robo tu ya mionzi, mwanamke wa umri wa kuzaa aulizwe siku zake kwa adabu kabla hajapanda mezani, mfanyakazi asizidi wastani wa milisieverti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 20 kwa mwaka na mwananchi wa kawaida 1. Aproni zetu za kuzuia mionzi ni za madini ya risasi, na ndio, ni jina moja na risasi ya bunduki, mama mmoja aliposikia "nakuvalisha risasi" nusu akimbie.

Wapi wanasoma: Bugando kule Mwanza ipo digrii, Makerere ipo, Kenya wengi wanapitia diploma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, na Muhimbili wana digrii ya tiba mionzi kwa wagonjwa wa saratani, ambayo ni dunia nyingine kabisa. Sisi tunaitwa wateknolojia mionzi. Yule anayeisoma picha na kuandika ripoti ni daktari bingwa wa radiolojia, huyo kapita udaktari miaka 5, intern, kisha umasta juu yake, kwa hiyo ukiniuliza "vipi, nina shida?" nikakujibu subiri daktari, usinune, naona ninachokiona lakini si kazi yangu kukwambia.

Swali la mwisho la mjomba lilikuwa kama hiyo mionzi haijanimaliza. Nikamueleza kuhusu beji, kakitu kadogo unakabana kifuani kanakusanya mionzi uliyopokea, kisha kanapelekwa kusomwa. Mwenzetu mmoja chuoni beji yake ilirudi na namba kubwa mpaka akaitwa ofisini aandike maelezo. Kumbe jamaa alikuwa akimaliza zamu anaiacha imebanwa kwenye aproni, na aproni inaning'inia ndani ya chumba cha picha. Beji ilikuwa inapigwa eksirei na kila mgonjwa, yeye yuko kantini anakula chipsi.