Beleshi Liko Wapi? Dhana Potofu Kuhusu Mahali pa Kufunga Vifaa vya Kujikwamua

Masika moja tulikuwa tunatoka Kibiti kwenda Mloka, kuelekea geti la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Gari mbili, watu tisa. Prado ya rafiki yangu ikateleza, ikaingia mtaroni kwa nyuma, tumbo likakaa chini na mlango wa nyuma ukagota kwenye ukingo wa udongo. Beleshi alikuwa nalo. Lilikuwa chini kabisa ya buti, juu yake magodoro, juu ya magodoro kuliboksi, juu ya kuliboksi katoni za maji. Tukaanza kupitisha mzigo kwenye mlango wa abiria, kimoja kimoja, mvua inatunyeshea, mpaka tukauona mpini. Saa nzima imekwenda. Kuchimba kwenyewe hakukufika dakika ishirini.

Tangu siku hiyo, mtu akinionyesha gari lake lililojaa vifaa, namuuliza swali moja tu: ukikwama vile, hiki unakifikiaje? Huku mjini sehemu ya kufunga kifaa tunaichagua kwa macho, kinapendeza wapi. Tope halijali picha.

Dhana: Mahali pa vifaa vyote ni juu ya keria

Hii ndiyo inayoongoza Dar. Unakwenda Gerezani, fundi wa kuchomelea anakuungia keria ya mabomba ya chuma, kisha unapandisha juu yake jeki ndefu (hi-lift), spea tairi ya pili, madumu, beleshi, vibao vya kunasulia (vya kutandika chini ya tairi lililokwama) na hema. Gari linapendeza, hilo sibishi.

Ukweli ni kwamba paa la gari lina kipimo chake, kimeandikwa kwenye kitabu cha gari, na kipimo hicho kinahesabu na uzito wa keria yenyewe. Suzuki Jimny hii ya sasa imepewa kilo 30 tu. Keria yangu ya kwanza niliipeleka kwenye mzani wa wanunua chuma chakavu, ikasoma kilo 46. Yaani kwa Jimny ungekuwa umeshazidisha kabla hujaweka hata kamba. Tena kipimo hicho ni cha barabara ya kawaida. Kwenye makorongo, mzigo wa juu unarushwa huku na huku, kwa hiyo inabidi upunguze zaidi.

Tatizo la pili ni urefu. Jeki ndefu ya nchi 48 ina kama kilo 13. Zikiwa sakafuni, gari halizisikii. Zikiwa paani pamoja na wenzake, siku unakwepa korongo na gari limelalia upande, zinalivuta kuelekea kulekule usikotaka liende.

Halafu kuna kazi ya kupanda. Umelowa, ndala zimejaa tope, gari limeinama, na unatakiwa usimame juu ya tairi ufungue nati iliyoshika kutu kwa hewa ya chumvi ya pwani. Nimemwona mtu mzima akianguka kutoka pale, mgongo chini. Hatukuongea tena habari za kunasua gari, tukaanza habari za hospitali.

Juu wacha vyepesi. Vile vibao vya plastiki vyenye meno vina kilo tatu hadi nne kila kimoja, vinakaa vizuri vikisimamishwa ubavuni mwa keria, unavitoa ukiwa umesimama chini. Beleshi la mpini mrefu nalo linafaa ubavuni hapohapo, kwa vishikio vya mpira. Nasema mpini mrefu kwa sababu lile dogo la kukunja, ukiwa umelala kifudifudi unatoa udongo chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, halikufikishi.

Na ubavu upi? Wa kushoto. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo huo ndio upande wa ukingo wa barabara. Ukifunga upande wa kulia, siku moja utakuwa unafungua vibao huku umeyapa mgongo malori ya Barabara ya Kilwa.

Dhana: Basi weka vyote ndani, vibaka hawatavigusa

Hoja ya vibaka siidharau. Anayeishi Dar na hajawahi kuibiwa saiti mira au taa ya indiketa ana bahati yake. Beleshi la nje lipigie kufuli, au lifunge siku ya safari tu na siku nyingine likae nyumbani. Mimi ndivyo ninavyofanya, na foleni ya Mbagala haijawahi kunidai beleshi.

Lakini "ndani" si jibu mpaka useme ndani wapi na kimefungwaje. Gari likigonga kitu kigumu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari linasimama, kisichofungwa kinaendelea na mwendo uleule. Piga hesabu gari limesimama ndani ya kama sentimeta 60 za kubonyea: ile jeki ya kilo 13 inasukuma kichwa cha aliyekaa mbele yake kama mzigo wa kilo mia mbili na zaidi. Chuma kizito kikae chini, kiegemee mgongo wa kiti cha nyuma, kibanwe kwa mkanda wa racheti kwenye pete zilizofungwa sakafuni kwa boliti. Kamba ya manila iliyofungwa fundo la kuku haihesabiki.

Kingine ni mpangilio. Ukikwama, kinachotangulia ni beleshi na geji ya upepo. Kwenye mchanga wa Kimbiji mara nyingi ukishusha upepo wa tairi kutoka psi 35 mpaka 18 umeshamaliza kazi, hukugusa kingine chochote. Vinafuata vibao, kisha mkanda wa kuvutia na shakeli (pingu ya chuma yenye pini, ya kuunga mkanda na gari), jeki na winchi (mashine ya kuvuta gari kwa waya) vikiwa mwisho. Watu wengi buti lao limepangwa kinyume: chuma kikubwa cha kujivunia kiko mlangoni, geji imepotelea chini ya mkeka. Geji yangu inakaa kwenye mfuko wa mlango wa dereva. Mkanda, shakeli na glovu vimo kwenye begi moja nyuma ya kiti cha abiria wa mbele, ambako unafika kwa mlango wa pembeni hata nyuma ikiwa imefukiwa.

Dhana: Jeki ndefu inakaa kwenye bampa au boneti

Inakaa, kwa maana ya kwamba haitadondoka. Ila mtambo wake unapanda kwa pini mbili ndogo na springi zake, na adui wa pini hizo ni vumbi na tope. Ukiibeba nje toka Dar mpaka Saadani bila kuifunika, unafika na chuma kisichopanda wala kushuka. Wengine wanaipaka grisi nyingi, wakidhani wanaitunza, kumbe grisi inakamata mchanga na kuugeuza msasa. Oili nyepesi inatosha, na mfuko wa turubai juu ya mtambo.

Kwenye boneti inakukata macho, na ukimgonga mwenda kwa miguu umemgonga na nondo. Kwenye mlango wa nyuma wenye spea tairi, bawaba zilishabeba vya kutosha. Ukiongeza, mlango unaanza kushuka na mpira wa kuzuia vumbi haubani tena.

Kabla ya kubishania mahali pa kuifunga, hata hivyo, jiulize kama gari lako linaikubali. Jeki hii inataka bampa la chuma au ngazi ya pembeni iliyoshikana na chasisi. Shangingi la sasa lenye bampa la plastiki halina pa kuiweka. Nimeona magari mjini hapa yamefungwa jeki ya kilo 13 na hakuna sehemu hata moja ya gari ambayo jeki hiyo inaweza kuinua. Ni pambo zito.

Dhana: Ile pete chini ya bampa ni ya kuvutia gari

Hii ndiyo inayonitoa jasho, maana hapa mtu anaweza kufa.

Magari yetu mengi yametoka Japani kwa meli, yakashuka bandarini hapahapa. Vile vipete na vindoano vyembamba vya chini, kwenye magari mengi, vilikuwa na kazi melini: ndivyo vilivyofungwa mikanda gari lisitembee baharini. Havikutengenezwa kuvuta tani mbili na nusu zilizonyonywa na udongo mweusi wa bondeni Rufiji. Na lile jicho la kuskrubu linalokaa na vifaa vya jeki ni la kukokotea gari bovu barabarani, taratibu.

Mkanda wa nailoni wa kuvutia kwa kushtukiza unavutika kama asilimia 20 ya urefu wake na kutunza nguvu kama manati. Kinachokatika ndicho kinachokuwa jiwe la manati. Wengine wanafunga kwenye kile kichwa cha mviringo cha kukokotea trela. Huko Australia watu wamekufa kwa kichwa cha namna hiyo: kinakatika shingoni, kinapita kioo, kinampata aliye ndani.

Sehemu halisi ya kuvutia ni kipande kinene cha chuma kilichofungwa kwenye chasisi kwa boliti zaidi ya moja. Chuchumaa uangalie kichwa cha boliti. Kiwe kimeandikwa 8.8 au 10.9, namba za uimara wake; boliti isiyo na namba ni ya geti la nyumbani. Kama kipande kimechomelewa, ulizia kimechomelewa na nani na kwenye chuma gani. Fundi mmoja aliwahi kunichomelea kulabu nzuri kabisa, imepakwa rangi nyekundu. Alichokuwa ameishikisha ni bati la bampa.

Shakeli nayo isome: ya robo tatu ya nchi iliyo halali imeandikwa tani 4.75. Isiyoandikwa chochote, ning'inizia funguo.

Dhana: Mkanda wa kuvutia ni mgumu, waweza kukaa nje

Jua la Dar linaila nailoni polepole, na huoni madhara mpaka siku ya kuvuta. Mkanda uliolowa pia unapungua nguvu. Uoshe tope, uanike kivulini, uurudishe kwenye begi. Winchi ya kamba ya plastiki ifunike vilevile, na kamba yoyote ya jamii hiyo usiipitishe karibu na ekzosi.

Dhana: Mwenye winchi hahitaji vingine

Winchi iliyo mbele inavuta kwenda mbele. Mara nyingi wewe unataka kurudi ulikotoka, kwa sababu mbele ndiko kwenye shimo. Ifungwe kwenye kiunzi kilichoshika chasisi, na nguvu yake iwe angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari na mzigo; gari la tani 3 linataka winchi ya tani 4.5. Inaongeza makumi ya kilo puani, springi za mbele zitasema. Na kwenye mbuga isiyo na mti wa kufungia waya, utalazimika kufukia spea tairi iwe nanga. Kufukia kunataka beleshi.

Dhana: Mtungi wa kuzimia moto ni wa kumwonyesha trafiki

Kwa hiyo wengi wanautupa buti. Moto wa gari mara nyingi unaanzia kwenye injini, na una sekunde chache tu za kuuwahi. Mtungi ukae pale mkono wa dereva unapofika akiwa ameketi, kwenye kishikio cha chuma, si cha plastiki.

Mwezi uliopita nililipaki gari uani, nyuma nikaligusisha ukutani kabisa. Nikamwita kijana wangu, nikamwambia mlango wa nyuma haufunguki, nataka geji, beleshi, vibao, mkanda na shakeli mbili, haya kimbia. Nikashika saa. Vinne vya kwanza alivipanga chini ndani ya dakika tatu. Shakeli moja ndiyo ikamshinda: niliiacha kwenye bampa la mbele tangu Idi, pini nimeikaza kwa spana, chumvi ikafanya yake. Akarudi kuniuliza, "Baba, nyundo iko wapi?" Nyundo ilikuwa buti.