Kupatikana na mafua hakufuti korona
Mbeya na Makete, Juni hadi Agosti, kila kikohozi husingiziwa baridi: "Haya ni mafua ya kipupwe tu, si korona." Baridi haizai kirusi. Hutukusanya ndani, madirisha yamefungwa, tukivuta hewa ileile. Tena kirusi kimoja hakimfukuzi mwenzake: kaskazini mwa California, Machi 2020, kati ya sampuli 116 zenye korona, 24 zilikuwa na vimelea vingine pia, virusi vya mafua ya kawaida vikiongoza. Kipimo cha haraka cha korona hutafuta korona pekee, na kijiti kikiishia mlangoni mwa pua, hata hiyo yaweza kukosekana. Anayehema kwa shida apelekwe hospitali, jibu liwe lolote. Antibayotiki? Haiui kirusi chochote kati ya hivi.